Rasi ya Tumaini Jema: Mji Uliojengwa kwa Mikono ya Waliohamishwa

Taarikh za makoloni ya Wazungu huanza na bendera, mizinga na majina ya manahodha. Ni nadra kuulizwa lile swali ambalo kila mwenye shamba hujiuliza kabla ya msimu: nani atalima? Ndugu msomaji, tulifuate swali hilo hadi Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa bara letu. Jawabu lililotolewa huko ndilo lililoamua nani atakuwa na mke, nani atakuwa na mtoto, na mtoto huyo ataitwa nani.

Tarehe 6 Aprili 1652, Jan van Riebeeck alitia nanga Table Bay akiwa na watu wapatao 90. Alitumwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602 kwa biashara ya viungo. Hakutumwa kuanzisha nchi. Safari ya kutoka Uholanzi hadi Batavia, ambayo leo ni Jakarta, ilichukua miezi mingi, na mabaharia walikufa kwa kiseyeye kwa kukosa mboga na matunda. Kampuni ilitaka bustani, maji matamu na mahali pa kununua nyama, basi.

Wenyeji, Wakhoikhoi, walikuwa wafugaji wenye ng'ombe na malisho yao. Hawakuwa na haja ya kumlimia mgeni kabichi. Kampuni iliwakataza watu wake kuwafanya wenyeji hao watumwa, na katazo hilo lilitokana na hesabu zaidi kuliko huruma, kwani mwenye kukuuzia ng'ombe humfungi minyororo. Mwaka 1657 ikawaachilia watumishi wake tisa wawe wakulima huru kando ya mto Liesbeek, palepale Wakhoikhoi walipozoea kulisha. Vita vilizuka mwaka 1659. Na wakulima hao, hata kabla ya vita, walikuwa wameshalalamika kuwa mikono haitoshi.

Mikono ikaletwa. Mwaka 1658 meli iitwayo Amersfoort ilifika na watu wa Angola wapatao 170, walionyang'anywa meli ya Wareno baharini. Wengi wao walikuwa watoto, wavulana kwa wasichana. Mwaka huohuo meli nyingine ikaleta watu kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Baadaye Kampuni ikaelekea Bukini, Bara Hindi, Ceylon na visiwa vya Indonesia. Mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku na Waingereza mwaka 1808, watu wapatao 63,000 walikuwa wameletwa Rasini kwa nguvu.

Wazungu nao walihama, wala si wote waliokuwa matajiri. Wengi walikuwa askari na mabaharia mafukara, Wajerumani wakiwa tele miongoni mwao. Mwaka 1688 walianza kuwasili Waprotestanti wa Ufaransa waliomkimbia mfalme wao, Louis wa 14, aliyewadhulumu kwa sababu ya dini yao. Walipewa ardhi, wakapanda mizabibu, na haukupita muda nao wakanunua watumwa wa kuitunza. Aliyekimbia dhulma akawa bwana wa waliodhulumiwa.

Je, haya yote yalikuwa hayaepukiki? La. Mwaka 1717 wakubwa wa Kampuni waliiuliza baraza ya Rasi: ni kipi chenye manufaa zaidi, watumwa au vibarua huru kutoka Ulaya? Wajumbe walijibu kwamba mtumwa ni rahisi zaidi. Mmoja tu alipinga, Kapteni Dominique de Chavonnes, ndugu wa gavana, aliyeona kwamba wafanyakazi huru wangeleta usalama na ustawi zaidi. Kura yake haikufua dafu. Hapo ndipo koloni ilipochagua umbo lake kwa zaidi ya karne nzima, na mwandishi huyu haoni udhuru wa kusema kwamba watu wa zama zile hawakujua njia nyingine. Waliulizwa waziwazi, nao wakajibu.

Wala tusizisome habari hizi kana kwamba ni za wengine. Katika karne ya 18 wengi waliletwa kutoka Msumbiji, na meli za Kampuni zilipanda hadi Zanzibar kununua watu. Penye mnunuzi pana muuzaji, na muuzaji wa pwani hii tunamjua alikuwa nani.

Sasa tazama yaliyowapata katika aila zao. Wanaume walioletwa walikuwa wengi mno kuliko wanawake, hivyo wengi walikufa bila mke wala mtoto. Ndoa ya mtumwa haikutambuliwa na sheria. Aliyezaliwa na mama mtumwa alikuwa mtumwa, hata kama baba yake alikuwa Mholanzi huru. Wanaosoma fiqhi watakumbuka kwamba kwetu mtoto wa bwana na suria wake huzaliwa huru na hufuata nasaba ya baba, ingawa hilo haliisafishi biashara yenyewe. Na majina? Mtu aliandikwa kwa mahali alikotolewa, van Bengalen au van Mozambiek, au akapewa mwezi: September, Februarie. Leo hii katika Cape Town ziko aila ambazo jina lao la ukoo ni September.

Kulikuwa na kundi jingine la wahamishwa: wapinzani wa Waholanzi kutoka visiwa vya mashariki. Sheikh Yusuf wa Makassar aliletwa mwaka 1694 pamoja na aila yake na wafuasi, jumla watu 49, akawekwa Zandvliet, mbali na mji, ili asisikike. Alifariki mwaka 1699, na mahali hapo mpaka leo panaitwa Macassar. Mwaka 1780 akaletwa Imam Abdullah bin Qadhi Abdus Salaam wa Tidore, maarufu kwa jina la Tuan Guru, akafungwa katika kisiwa cha Robben. Humo gerezani aliuandika Msahafu kwa hifdhi. Alipoachiliwa alifungua madrasa mtaa wa Dorp, mwaka 1793, wakasoma watumwa na walioachwa huru. Msikiti wa kwanza, Auwal, ulisimama kwenye ardhi ya Saartjie van de Kaap, binti wa Coridon van Ceylon, aliyewahi kuwa mtumwa. Maimamu wakafungisha nikaha ambazo serikali haikuzitambua, na watoto wakapewa majina mengine nyumbani, yasiyokuwa ya miezi.

Utumwa ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, lakini walifungwa kwa mabwana zao miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi. Kiholanzi kilichovunjikavunjika jikoni na mashambani, kikachanganyika na maneno ya Kimalayu, ndicho kilichozaa Kiafrikana. Madrasani wanafunzi walikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Lamu na Mombasa walivyokiandika Kiswahili, na maandishi yao ni miongoni mwa ya kale kabisa ya lugha hiyo. Kitabu chao mashuhuri, Bayan al-Din cha Abu Bakr Effendi, kilipigwa chapa Istanbul mwaka 1877.