Makala, uyoga na wenye elimu wa Kasapa



Juma hili tuzungumze juu ya kitu ambacho hakuna kati yetu asiyekinunua: makala. Umeme ukikatwa na resho ikilala, ni makala yanayosonga bukari, ni makala yanayochemsha maji ya mtoto. Hata mwenye resho mbili nyumbani ana mbabula nyuma ya mlango. Watu wanapokuja kutufundisha mambo ya mazingira na hali ya hewa, mara nyingi wanaanza na sisi: mama unamaliza pori, mama acha makala. Kisha wanapanda gari na kwenda zao, na mama anabaki na maharagi ambayo hayajaiva.

Mimi napenda tuanzie mahali pengine, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kule barabara ya Kasapa. Wengi wetu tunakijua kama mahali tunapotuma watoto wenye diploma, na mahali panapomeza minervali. Lakini tangu chuo kilipofunguliwa mwaka 1956, ndani yake wamekaa watu wanaochunguza pori letu la miombo mwaka kwa mwaka: mti gani unaota wapi, mdudu gani anakula jani gani, moto unafanya nini, mji unachoma miti kiasi gani. Leo kazi ya namna hiyo inaitwa kutetea hali ya hewa. Wao waliianza wakati jina hilo halijasikika. Na walichokiona kinaingia moja kwa moja katika chungu chetu: mti unaotupa makala ndio huohuo unaotupa uyoga na viwavi. Ukiukata vibaya unapoteza mara mbili.

Tuone kwanza uyoga. Mvua zikishika, Desemba na Januari, akina mama wanasimama kando ya barabara ya Likasi na ya Kasenga na mabeseni yao, na sisi tunashuka kwenye gari kununua. Ule uyoga hauoti popote. Chini ya ardhi una nyuzi nyembamba kuliko uzi wa kushonea, na nyuzi hizo zinajifunga kwenye ncha za mizizi ya miti fulani ya miombo. Mti unazipa sukari iliyotengenezwa na majani. Nyuzi zinaupa mti maji na chumvi za udongo ambazo mizizi peke yake haifikii. Ni likelemba ya chini ya ardhi: kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea. Miti inayofanya hivyo ni ile ambayo wenye elimu wanaiita Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, pamoja na mti wa masuku tunaoula matunda yake. Mwembe haufanyi hivyo na uyoga ule. Parachichi pia. Hata ukipanda eucalyptus shamba zima, hutarudi na beseni la uyoga wa miombo.

Na sasa, mama, angalia mtu wa makala anatafuta miti gani. Ni hiyohiyo, kwa sababu mbao zake ni ngumu na makala yake yanakaa motoni.

Uyoga wa kwenye kichuguu una njia yake. Ule unalimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, juu ya majani na miti mikavu wanayobeba. Ndiyo maana unauona hata katikati ya shamba la mahindi ambapo miti imeisha. Kwa hiyo usidanganyike ukiona uyoga mkubwa wa kichuguu ukasema pori lingali zima. Ule mwingine ndio unaokupa habari za pori.

Viwavi ni vilevile. Mwaka 1970 walimu wa chuo hiki waliandika utafiti mzima juu ya kiwavi kimoja, Elaphrodes lactea, ambacho wengi wanakiita tunkubiu. Walifuata maisha yake kutoka yai hadi kipepeo, na wakaangalia namna kinavyokula majani ya miombo. Mmoja wao, mwalimu François Malaisse, aliendelea miaka mingi, na mwaka 1997 akatoa kitabu kikubwa juu ya namna watu wanavyojilisha katika miombo: uyoga, viwavi, matunda, mizizi, asali, mchwa. Mwaka 2017 kikatoka kingine, cha De Kesel, Kasongo na Degreef, juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga peke yake.

Hapa niseme jambo moja linalonifurahisha kama mwalimu. Kuna uyoga mmoja ambao duniani kote, katika vitabu vya sayansi, unaitwa Lactarius kabansus. Hilo kabansus limetoka wapi? Ni jina la Kibemba, kabansa, linalotumiwa na akina mama wanaouchuma. Mwenye elimu alikuta jina limekwisha kuwekwa, akaongeza mkia wa Kilatini. Mtu asikuambie basi kwamba wewe huna unachojua juu ya mazingira.

Turudi kwenye makala. Hesabu hii niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa sita, na nyinyi mnaweza kuifanya na watoto nyumbani. Katika tanuru ya udongo inayotumiwa porini kwetu, kilo 100 za mti mkavu zinatoa kati ya kilo 10 na kilo 20 za makala. Kinachobaki kinaondoka kama moshi, au kinageuka majivu. Je, mfuko mmoja wa kilo 50 umekula kilo ngapi za mti? Watoto walipata jibu haraka: fundi mzuri ametumia kilo 250, fundi mbaya kilo 500. Kisha mtoto mmoja akauliza kama yule fundi mbaya anauza mfuko wake kwa bei ya juu zaidi. Bei ni moja! Wewe mnunuzi huwezi kujua mfuko wako umetoka kwa nani. Lakini pori linajua. Jambo hili si jipya kwa watu wa Kasapa. Tangu miaka ya 1980 waliandika namna mji huu unavyotegemea miti kwa moto wa jikoni, na namna pori linavyorudi nyuma mbali na mji. Wakati ule wengi wenu mlikuwa bado mgongoni.

Lakini kukatwa si kufa. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Mti wa miombo ukikatwa, kisiki chake na mizizi yake vinabaki hai, na mvua zikija vinatoa machipukizi. Hakuna anayepanda, hakuna anayenunua mbegu. Ukiviacha, katika miaka 20 hadi 30 pori linasimama tena. Kinachoua ni mambo matatu. La kwanza ni kung'oa visiki ili kulima. La pili ni tanuru yenyewe: mahali ilipowaka, udongo umeungua hadi ndani, na miaka mingi hapaoti kitu cha maana, ndiyo maana ni afadhali kurudia mahali pamoja kuliko kuchoma kila mara mahali papya. La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni moto wa kiangazi.

Juu ya moto, jirani zetu wa Zambia walifanya jaribio ambalo kila mtu wa miombo anapaswa kulijua. Karibu na Ndola, upande wa pili wa mpaka, mwaka 1933 waligawa pori vipande. Kipande kimoja wakakikinga na moto kabisa. Kingine wakakichoma kila mwaka mapema, mwanzo wa kiangazi, majani yakiwa bado na ubichi. Kingine wakakichoma kwa kuchelewa, mwisho wa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu. Miaka ikapita. Palipokingwa, pori likafunga. Palipochomwa mapema, miti ikaendelea kusimama. Palipochomwa kwa kuchelewa, miti ikaisha, yakabaki majani. Pori moja, udongo mmoja, mvua ileile. Tofauti ni siku ya kuwasha kiberiti. Machipukizi ya kisiki ni mafupi, na moto wa Septemba unayakuta kimo cha goti. Yanaungua, yanatoka tena, yanaungua tena, hadi mizizi inachoka.

Sasa lingalisheni hilo na Penga Penga. Wenye umri mnakumbuka moshi wa bomba kubwa. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka 1911, na upepo wa kusini-mashariki ukabeba moshi wake miaka na miaka upande mmoja wa mji. Pale palipopigwa zaidi, miti ilikufa na mizizi yake, na udongo ukajaa shaba na madini mengine hadi majani yakakataa kuota. Watu wa agronomia wa chuo kikuu walienda pale kujaribu kufunika ule udongo mtupu, ili vumbi lake lisiingie katika nyumba na bustani. Walitafuta majani yanayoota yenyewe juu ya vilima vya shaba vya Katanga, kwa kuwa hayo yamezoea sumu ile, wakayapanda pamoja na chokaa na mboji. Walijaribu pia miti, kwa kuchimba mashimo na kuyatia udongo ulioandaliwa. Ni kazi ya uvumilivu, shimo kwa shimo, na ni kazi nzuri. Lakini angalieni gharama: chokaa, mboji, mikono, miaka, kwa sehemu ndogo ya mji. Kule porini kisiki kinatoa mti bure, na sisi tunauchoma kwa kiberiti kimoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza chuo kikuu kinafanya nini juu ya hali ya hewa, nitasema kinafanya kazi, na inastahili heshima. Nina neno moja tu. Vitabu vile viko katika Kifaransa na Kiingereza. Mama aliyetoa jina la kabansa hawezi kusoma yaliyoandikwa juu yake, na mchoma makala wa barabara ya Kasenga hajasikia habari za Ndola. Wanafunzi wetu wanaandika kazi zao za mwisho, wanazitetea mbele ya walimu, na karatasi zinaingia kabatini. Ningependa kila mtoto wetu anayesoma agronomia aombwe na mama yake amweleze kazi yake kwa Kiswahili, jikoni, mpaka mama aelewe. Wanaosoma wengine watacheka. Mimi nimejaribu na mdogo wangu, na ilichukua jioni mbili.

Najua kati yetu kuna mama wanaouza makala kwa mafungu, na faida ile ndogo ndiyo inayolipa masomo ya watoto. Siwaambii waache kesho. Ila wanaweza kumuuliza anayewaletea mifuko: visiki umeviacha au umeving'oa? Na anayenunua anaweza kupunguza bila kulala njaa. Loweka maharagi tangu usiku, ukiyapika funika sufuria. Makala yaliyonyeshewa usiyawashe kabla ya kuyaanika, maana sehemu ya moto inakwenda kukausha maji. Mbabula yenye udongo ndani inashika joto kuliko bati tupu. Na tafadhali, usiku wa baridi wa Juni na Julai, usiingize mbabula katika chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Kwa vikundi vyetu vya vijijini kuna jambo kubwa zaidi, na ni la sheria. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inakubali kwamba jamii inaweza kuwa na msitu wake, na amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaeleza namna ya kuupata. Jamii inaweza kuomba msitu inaoushika kwa desturi, hadi hektari 50.000, bila kuununua na bila mwisho wa muda. Ombi linakwenda kwa gavana wa jimbo. Baada ya hapo ni wanakijiji wenyewe wanaoamua nani anakata, wapi, na moto unawashwa mwezi gani.

Katika msitu wa namna hiyo kuna mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya uangalizi na baraza la wazee. Mara nyingi wanaume wanajaza karatasi wakihesabu mbao na makala tu, maana hiyo ndiyo mali wanayoiona. Uyoga, viwavi na masuku havina mstari, kwa sababu aliyevichuma hakuwa mkutanoni. Kikundi kitakachoanza ombi kiweke majina ya mama katika kamati ya usimamizi tangu ukurasa wa kwanza, na katika ramani kionyeshe mahali uyoga unapotoka. Akina mama wanaochuma wanapajua, kila mmoja mahali pake, na kwa kawaida hawapataji kwa mtu. Mara hii wapataje.