Kompyuta kuukuu, orodha salama: Linux katika kazi za kamati ya amani



Safari hii hatuzungumzi juu ya mbegu wala mahema. Tunazungumza juu ya kompyuta kuukuu, zile zinazolala kwenye kona za ofisi zetu hapa Makiso zikipata vumbi. Mtu atauliza: zinahusu nini na amani?

Tangu mapigano ya mwaka 2023 kati ya Wambole na Walengola, familia nyingi zilivuka mto kutoka Lubunga. Penye watu waliohama pana orodha: orodha ya familia, ya watoto wa shule, ya mashamba yaliyoachwa, pamoja na maandishi ya mikutano ya upatanisho. Orodha ikipotea, watu hawasemi kwamba mashine imeharibika. Wanasema, "Wametufuta."

Hayo tuliyaona. Katibu wa kamati moja alichomeka flashi yake katika kompyuta ya duka la kuchapa. Alipotoka, kila faili ilikuwa imegeuka alama isiyofunguka. Kwa siku mbili maneno yakazagaa kwamba upande mmoja umefuta majina ya upande mwingine. Tulipoichomeka flashi ile katika kompyuta yetu ya zamani inayotumia Linux, orodha ilikuwa pale pale. Virusi vilikuwa vimeificha tu isionekane ndani ya Windows. Tuliisoma jina kwa jina mbele ya wazee wa pande zote mbili, tukanakili hati peke yake na kuyaacha mengine yote. Fitina ikafia hapo.

Linux ni nini?

Kompyuta haifanyi kazi bila programu kuu inayoendesha zingine zote. Windows ni mojawapo. Linux ni nyingine, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Ni ya bure, na sheria yake inamruhusu kila mtu kuinakili na kumpa jirani. Watu mbalimbali huifungasha kwa namna zao. Debian ilianza mwaka 1993, na Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ndilo "utu" wetu, ndilo "bomoto" la Kilingala.

Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Nyingi kati ya hizo hazijafa. Zinahitaji mzigo mwepesi tu.

Tuanzie wapi?

1. Pimeni mashine. Yenye kumbukumbu ya giga 2 na prosesa ya biti 64 inafaa kwa Debian yenye sura ya Xfce, au kwa Lubuntu. Kama prosesa ni ya biti 32, tumieni antiX 23, kwa sababu Debian 13 ya mwaka 2025 haiwekwi tena katika mashine hizo. Chini ya giga 2 mtaandika barua vizuri, lakini intaneti itakuwa nzito.

2. Tengenezeni flashi ya giga 8. Faili ya Linux hupakuliwa mara moja tu penye intaneti nzuri, kisha huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Flashi hiyo moja itahudumia kamati kumi bila kulipia intaneti tena.

3. Jaribuni kabla ya kuweka. Washeni kompyuta mkibonyeza F12, F9 au Esc, kadiri ya mashine, halafu chagueni flashi. Linux itafunguka bila kugusa kitu kilicho ndani ya diski. Hapo angalieni sauti, wifi, kibodi na printa.

4. Nakilini kila hati mahali pengine kwanza, ndipo muweke Linux. Kuweka kunaweza kufuta diski nzima. Chagueni Kifaransa na kibodi ya azerty tangu mwanzo.

Matatizo ya kawaida

Wifi haionekani. Baadhi ya kompyuta za mkononi za zamani hudai programu ndogo ya nyongeza kutoka intaneti. Unganisheni simu ya Android kwa waya wa USB, ruhusuni simu ishirikishe intaneti kwa njia ya USB, kisha pakueni nyongeza hiyo.

Printa haichapi. Nyingi za HP hukubali kwa programu ya HPLIP. Aina nyingine hazikubali hata kidogo, kwa hiyo msinunue printa ya mtumba kabla ya kuijaribu.

Hati za Word na Excel. LibreOffice huzifungua na kuzihifadhi kwa namna ile ile. Mistari ikihama, mara nyingi ni kwa sababu ya herufi za Calibri. Wekeni herufi za Carlito, ambazo zina upana ule ule.

Umeme unakatika. Wakazi wa Kisangani hawahitaji kuelezwa hili. Katika LibreOffice ingieni Outils, Options, Chargement/enregistrement, Général, muiamuru ihifadhi kila dakika 5. Kompyuta ya mkononi hula umeme kidogo kuliko ya mezani, hivyo ni nafuu kwa anayetegemea sola au jenereta.

Ulinzi wa majina

Orodha ya waliohama ikiangukia mikono mibaya inaweza kumwongoza adui hadi mlangoni. Wakati wa kuweka Linux, chagueni kufunga diski nzima kwa neno la siri. Neno hilo wapewe watu wawili wanaoaminiwa, mmoja kutoka kila upande, kwa maana likisahauliwa hakuna fundi atakayeifungua. Wekeni nakala ya pili kwenye flashi iliyofungwa vivyo hivyo, na nakala ya karatasi iliyotiwa sahihi.

Tusidanganyane: Linux haipatanishi watu. Katibu asiye mwaminifu anaweza kufuta jina katika mashine yoyote. Lakini mashine isiposingiziwa na katibu asiposingiziwa, watu wanabaki na jambo lenyewe la kuzungumza, yaani ardhi, marejeo na msamaha.

Ya kujadili katika kamati yenu

Nani anatunza orodha yetu leo? Ipo mahali pangapi? Flashi ikipotea kesho, tutawaonyesha nini watu wetu?