Boti pana si lazima iwe salama: Hesabu za kujua chombo kitakachokurudisha nyumbani

HEBU fikiria umeshuka Pwani wikendi na sasa umesimama Kilifi, kando ya ule mkono wa bahari ambako boti za matanga hutia nanga. Mbele yako kuna mbili. Ya kwanza ni pana, sebule yake ndani inashinda bedsitter yako ya Roysambu, na ukiikanyaga haitikisiki. Ya pili ni nyembamba, imezama majini, na ukiingia inayumba kidogo.

Ukiambiwa uchague moja ya kuvukia bahari kuu, utachukua gani?

Wengi wetu tungekimbilia ile pana. Na huenda tungejuta.

Watu walijifunza jambo hili kwa uchungu Agosti 1979, kwenye mashindano ya Fastnet. Boti 303 zilitoka Cowes, Uingereza, zikielekea mwamba wa Fastnet kusini mwa Ireland kabla ya kurudi hadi Plymouth. Usiku wa kuamkia Agosti 14, dhoruba kali ikazikuta katikati ya bahari. Wanamashua 15 wakafa. Boti 24 ziliachwa na mabaharia wake, lakini kati ya zote tano pekee ndizo zilizozama.

Boti nyingi za mbio za wakati huo zilikuwa nyepesi na pana katikati, kwa sababu kanuni za mashindano zilizipendelea hivyo. Lakini katika kundi la boti ndogo kabisa, moja tu ndiyo iliyomaliza. Iliitwa Assent, boti ya aina ya Contessa 32. Nyembamba, nzito, na ndani haina nafasi ya kujitupatupa.

Kwa nini? Hapo ndipo hesabu zinaingia, na usiogope, ni zile za shule tu.

Tuanze na mwendo. Boti inayosukumwa na upepo hutengeneza wimbi, na kadiri inavyokaza mwendo ndivyo wimbi hilo linavyorefuka. Likishafika urefu wa boti yenyewe, chombo hujikuta kinapanda mlima kilioujenga chenyewe. Ndiyo maana boti nzito ina kikomo cha mwendo. Chukua urefu wake pale inapogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.5. Contessa 32 ina mita 7.3 hivi majini. Kipeuo ni 2.7, kwa hivyo unapata kama kilomita 12 kwa saa. Boda yoyote itaipita. Boti nyepesi sana zinaweza kuteleza juu ya maji na kuponyoka sheria hiyo, lakini wepesi una bei yake.

Kuna pia uwiano wa tanga na uzito. Huu ni rahisi kuuelewa. Boda yenye injini ile ile ikibeba mtu mmoja inapaa, ikibeba mishikaki inalia. Tanga ndilo injini. Boti za safari ndefu kwa kawaida huangukia kati ya 15 na 18 hivi, za mashindano hupita 20. Namba kubwa ina raha siku ya upepo mwanana, lakini upepo ukipanda, ni lazima mpunguze tanga mapema.

Sasa tuje kwenye uhai wako.

Fanya jaribio hili nyumbani. Weka kibao cha kukatia mboga ndani ya beseni la maji. Kinaelea vizuri, si ndiyo? Kipindue. Kinaelea vizuri vile vile! Sasa chukua chupa tupu ya soda, tia mchanga kidogo chini, funga kifuniko na uisimamishe majini. Ilaze kwa kidole kisha uachilie. Inainuka yenyewe.

Boti pana na nyepesi ina tabia ya kibao. Haipinduki kirahisi kwenye maji matulivu, lakini wimbi kubwa likishaipindua, inaweza kukaa hivyo miguu juu huku nyinyi mko ndani. Boti nyembamba yenye uzito chini ni chupa ya mchanga. Uzito huo, mabaharia wetu huuita farumi. Contessa 32 ina karibu tani 4.3, na takriban tani mbili kati ya hizo ni farumi iliyo kwenye mkuku, chini kabisa. Hiyo ni kama asilimia 47.

Baada ya msiba wa Fastnet, wataalamu wa Marekani walitunga kipimo chepesi cha hatari ya kupinduka. Unachukua upana wa boti kwa mita. Kisha unatafuta ni mita ngapi za ujazo za maji zinazosukumwa na uzito wake, na kipeuo cha tatu cha namba hiyo. Gawanya upana kwa kipeuo hicho. Jibu likizidi 2, fikiria mara mbili kabla ya kwenda mbali na nchi kavu. Contessa ina upana wa mita 2.9 na inasukuma mita 4.2 za ujazo. Kipeuo cha tatu ni karibu 1.6. Jibu ni 1.8. Imepita.

Lakini usiziabudu namba. Kipimo hicho hakijui uzito umekaa wapi. Ukiitoa ile farumi kwenye mkuku na kuifunga juu ya mlingoti, jibu litabaki 1.8 ingawa boti itapinduka kabla hamjang'oa nanga. Hesabu huchuja tu. Haikagui mlango uliovunjika wala nahodha mkaidi.

Na huku kwetu je? Tazama mashindano ya mashua Lamu. Utaona mabaharia wamekaa kwenye ubao uliotokezwa nje, upande upepo unakotoka. Hao ni farumi yenye miguu. Upepo ukibadilika, wao huhama. Mashua ya aina hii haina tani mbili za chuma chini ya kuirudisha ikipinduka, kwa hivyo usalama wake ni ujuzi wa watu na kujua siku ya kutotoka, hasa wakati wa kusi.

Kwa hivyo wikendi ijayo mkialikwa kula upepo majini, kabla ya selfi uliza: watu wangapi, na watakaa wapi? Kila anayepanda juu ya paa kupiga picha anahamisha uzito kutoka chini kwenda juu, na wote mkikimbilia upande mmoja kuona pomboo, mmefanya kazi ya wimbi. Angalia kama kuna jaketi la kuokolea maisha la kila mtu, kisha livae.

Na nahodha akisema leo hatutoki, usimbembeleze wala usimwongezee pesa. Huyo amekwisha kupiga hesabu.