Kinga inaposifiwa, tuulize nani amelipa

Juma hili tunazungumza juu ya kinga. Katika Kiswahili cha vitabu, kile tunachofundisha darasani, kinga ni kitu kinachokulinda: chanjo ni kinga, paa la nyumba ni kinga. Lakini hapa Lubumbashi kila mtoto anajua kwamba kinga ni baisikeli, kama vile ndugu zetu Wabemba wanavyosema incinga. Watoto wakituuliza maana ipi ni ya kweli, tunawajibu kwamba zote mbili. Nyumba nyingi za mji huu zinapata bukari ya jioni kwa sababu kuna kinga moja imeegemezwa ukutani.

Jumapili mchana, watu wakiisha kutoka kanisani, pita Katuba, Kenya ama Ruashi, pale fundi wa kinga anapokaa chini ya mti na pompi yake na beseni ya maji ya kutafutia tundu la chubu. Utakuta baba na vijana wamekusanyika, kila mmoja na kinga yake. Zimeoshwa, minyororo imepakwa mafuta. Huyu anaonyesha kiti kipya. Yule amezungusha tepi nyekundu na nyeusi kwenye kadre. Mwingine amefunga kengele mbili, na hakosi kuzipiga msichana akipita. Kila mtu anasifu yake na kuicheka ya jirani. Mtu anayepita haraka atadhani ni mabishano ya burudani tu, kama yale ya Mazembe na Lupopo. Lakini ukikaa kusikiliza, utaona kwamba wanaongea juu ya pesa ya nyumba.

"Madamu, hii njo inalishaka batoto," baba mmoja alituambia, akipigapiga kadre kwa kiganja. Yeye analeta makala kutoka upande wa barabara ya Kasenga. Na alikuwa na haki ya kujivuna, kwa maana kinga yake haikuwa tena ile iliyotoka dukani.

Tuieleze kidogo, ili nasi tukiwasikia tuelewe. Kinga kubwa nyeusi tunazoziona mjini zina mtindo wa Uingereza wa zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtindo wa viwanda kama Raleigh cha mji wa Nottingham. Baadaye viwanda vya India na China viliuchukua mtindo huo na kuuendeleza. Magurudumu yake ni namba 28. Kwa kawaida gurudumu la mbele lina nyuzi za chuma 32 na la nyuma 40, kwa sababu nyuma ndiko uzito unakokaa. Ilitengenezwa kwa mtu mmoja na mfuko wake mdogo. Sisi tunaiomba ibebe mifuko mitatu ama minne ya makala, ama magunia ya unga.

Ndiyo maana fundi anaibadilisha. Anaongeza vyuma viwili kwenye mkono wa mbele, ule unaoshika gurudumu, usije ukapinda barabarani. Anachomelea chuma cha ujenzi chini ya kadre. Kibebeo cha nyuma anakipanua na kukishikiza kwa miguu ya chuma mpaka katikati ya gurudumu. Nyuzi nyembamba anazitoa na kuweka nene. Mwisho, mwenye kinga anafunga mti mrefu wa kusukumia, kwa sababu kinga iliyojaa makala haipandwi, inasukumwa kwa miguu kutoka porini mpaka mjini.

Huko duniani wapenzi wa baisikeli wanafanya kinyume. Mwezi wa Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani, mara ya kwanza katika Afrika, na wanawake walishindana pia. Katika mashindano ya namna hiyo kila mtu anatafuta wepesi, mpaka sheria imebidi kukataza baisikeli iliyo chini ya kilo 6.8. Hapo Kigali fundi anapunguza gramu. Hapa kwetu fundi anaongeza chuma. Lakini furaha ya mwenye baisikeli anapoonyesha alichoongeza ama alichopunguza ni ile ile.

Safari ya kinga yetu imeonekana hata katika sinema. Mwaka wa 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alitoa filamu inayoitwa Makala, na ilipata tuzo kubwa ya Juma la Wahakiki huko Cannes. Inamfuata kijana wa upande wa Kolwezi, Kabwita Kasongo. Anakata mti, anachoma makala, anapakia kinga yake mpaka yeye mwenyewe haonekani nyuma ya mifuko, kisha anaisukuma siku na siku mpaka mjini. Anatafuta mabati ya nyumba ya mke wake na watoto. Watazamaji wa Ulaya walishangaa ukubwa wa mzigo. Sisi tunaouzoea mzigo huo, tuangalie zaidi mabati. Mke na watoto wanangojea nyumbani, na kila kitu kinachoongezwa ama kukosekana kwenye kinga ile kinawahusu.

Sisi walimu tunapofundisha historia tunafika kwenye jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alipata haki ya tairi lenye upepo ndani. Kabla yake watu walipanda juu ya magurudumu magumu yaliyowatikisa mifupa. Tairi jipya lilikuwa laini na la kasi, na mabwana na mabibi wa Ulaya na Marekani walitoka kuonyeshana baisikeli zao barabarani. Wanawake wa huko walipata uhuru mkubwa wa kutembea bila kungojea mtu wa kuwapeleka. Ni jambo zuri. Lakini tairi linataka mpira, na mpira mwingi ulitoka katika misitu ya nchi yetu, wakati Kongo ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II, toka 1885 mpaka 1908. Wababu walilazimishwa kuutafuta mpira wa porini, na wake zao walifungwa kama rehani mpaka kipimo kitimie. Aliyefurahia tairi hakuwa yule aliyelilipa. Hatusemi hili ili tuchukie baisikeli. Tunalisema kwa sababu swali lake bado ni zuri: kitu kikiongezwa kwenye kinga, nani anapata furaha, na nani analipa?

Mwaka jana, katika masomo ambapo tunafundisha, mtoto mmoja wa kike alikuja na mkono umefungwa. Mama yake anauza samaki wakavu sokoni. Zamu yake ya likelemba ilipofika, pesa yote ilinunua kinga, na kaka wa huyo mtoto, kijana wa miaka 17, akaanza kubeba mizigo ya watu. Kijana ni mfanyakazi, hatuna neno juu ya hilo. Alipopata pesa kidogo alinunua kiti cha ngozi na taa ya rangi ya buluu. Alipanua kibebeo, na kwa kuwa vyuma vya breki ya nyuma vilizuia kazi ya kuchomelea, vikatolewa. Breki ya mbele ilikuwa imeisha raba zamani. Jioni wenzake walimsifu sana. Asubuhi moja alimpakia dada yake kumleta masomo. Kwenye mteremko, barabara ikiwa na maji ya mvua, alijaribu kusimama kwa kiatu. Mtoto alianguka, mkono ukavunjika, na mguu wake uliingia ndani ya nyuzi za gurudumu. Pesa ya kutibu ilikuwa kubwa kuliko bei ya breki mara nyingi, na ilitoka tena kwenye biashara ya samaki. Mama alituambia: "Kinga nilinunua mimi, lakini siku ya kuibadilisha hakuna aliyeniuliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike. Mara nyingi tunasema kinga ni mambo ya wanaume, tunawaachia. Lakini ikiharibika tunauza kikwembe ili itengenezwe. Kwa hiyo tunashauri mambo haya, na vikundi vyetu viyajadili.

Kwanza, breki kabla ya kitu kingine chochote. Tunawaeleza wanafunzi hivi: mwendo ukiwa mara mbili, njia ya kusimama inakuwa mara nne. Na breki za chuma za kinga kubwa zinabana ukingo wa gurudumu, kwa hiyo ukingo ukilowa wakati wa mvua zinashika vibaya. Kinga yenye breki nzuri mbele na nyuma bado inahitaji mtu apunguze mwendo. Kinga isiyo nazo isipakie mtoto, hata kwa safari fupi.

Pili, miguu ya watoto. Mtoto anayekaa nyuma hana mahali pa kuweka miguu, na nyuzi zinazozunguka hazimhurumii. Mwombe fundi afunge wavu ama kipande cha bati kilichokunjwa vizuri pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na vyuma viwili vya kukanyagia. Kitu hicho kinalinda pia kikwembe cha mama.

Tatu, kuonekana. Wabebaji wengi wanaondoka usiku ili wafike sokoni alfajiri, na malori ya barabara za Kasumbalesa na Likasi hayalali. Taa nyeupe mbele na kioo chekundu nyuma vina faida kuliko tepi nzuri. Lakini mifuko ikipita kibebeo, inaficha kile kioo. Kifungwe juu ya mzigo wenyewe, kila safari.

Nne, daftari. Andika kila kinachonunuliwa kwa ajili ya kinga, na kila kinachoingia kwa kazi yake. Baada ya miezi mitatu mtakaa pamoja, baba, mama na kijana, na mtaona ni kitu gani kilileta pesa na kitu gani kilikula pesa. Hakuna haja ya kugombana, hesabu itasema. Vikundi vya likelemba vinaweza pia kutenga kiasi kidogo kila juma kwa raba za breki na chubu za wanachama, kwa sababu kinga ikilala siku tatu, nyumba nayo inalala njaa.

Hatusemi vijana wanyimwe mapambo yao. Mtu anayesukuma mzigo kilomita nyingi ana haki ya kufunga tepi nyekundu na kusifiwa na wenzake. Sifa inamfanya aitunze kinga, aioshe, aipake mafuta. Tunachotaka ni kwamba breki nazo zisifiwe. Siku vijana wa chini ya mti watakapoonyeshana raba mpya kwa furaha ile ile wanayoonyeshana kengele, tutakuwa tumefika mbali.

Juma hili, kinga ya kwenu ikiwa imesimama, ikaribie. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono, kisha bana breki. Lisiposimama mara moja, msitoke na mtoto kesho asubuhi kabla fundi hajaiona. Na wewe mama uwepo pale kwa fundi, uulize, na uonyeshwe.