Ryder Cup, mashindano ya nusu pointi

Aliyezoea kufuatilia gofu kupitia Kenya Open anaijua hesabu yake: siku 4, mashimo 72, mikwaju yote inajumlishwa na mwenye michache ndiye bingwa. Ukiboronga shimo moja Alhamisi asubuhi, deni hilo unalibeba mpaka Jumapili jioni. Kwenye Ryder Cup, inayozikutanisha Marekani na Ulaya kila baada ya miaka 2, deni halibebwi. Tumbukiza mpira majini mara 3, maliza shimo kwa mikwaju 10 wakati mpinzani wako amelimaliza kwa 4, na bado umepoteza shimo 1 tu. Mnasogea kwenye linalofuata na hesabu ya mikwaju inaanza upya.

Ndiyo maana matokeo yake humchanganya mgeni. "3 na 2" maana yake mshindi anaongoza kwa mashimo 3 na yamebaki 2, kwa hiyo mpinzani hawezi tena kumfikia. Wanapeana mikono hapo hapo shimo la 16 na kurudi zao. Wakimaliza yote 18 bila mshindi, kila upande unaondoka na nusu pointi.

Na nusu hiyo si ya kudharau. Kila timu ina watu 12, na pointi zinazogombewa ni 28. Ijumaa na Jumamosi ni mechi 16 za wawili kwa wawili. Katika 8 kati ya hizo kila mchezaji ana mpira wake, na huhesabiwa matokeo ya aliyefanya vizuri zaidi katika jozi. Katika 8 nyingine jozi ina mpira mmoja, wanaupiga kwa zamu, na hapa ndipo watu wazima wanapotokwa jasho: ukiutupa kichakani, anayeingia kuutafutia njia ya kutoka ni mwenzako, si wewe. Jumapili kila mtu anasimama peke yake, mechi 12. Anayetaka kulinyakua kombe lazima afikishe 14.5, anayelishikilia zinamtosha 14.

Nahodha hapigi mpira hata mmoja, ila kalamu yake ina uzito. Anaandika majina kwa mpangilio anaoutaka bila kuiona karatasi ya mwenzake, kisha orodha mbili zinawekwa sambamba na kila mtu anamjua mpinzani wake. Mwenyeji ana faida nyingine: uwanja huandaliwa kwa matakwa yake. Mwaka 2018, nje kidogo ya Paris, njia za kupigia zilikuwa nyembamba na majani ya pembeni marefu. Wamarekani wenye nguvu za kupiga mbali walijikuta majanini mara kwa mara, wakalala 17.5 kwa 10.5. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Lakini kinachonivutia zaidi ni ruhusa ya kusamehe. Mpira wa mpinzani ukiwa karibu na shimo, unaweza kumwambia auokote. Mkwaju aliobakiza unahesabiwa umeingia. Kwenye mashindano ya kujumlisha mikwaju hilo haliwezekani, maana ungekuwa unagawa mali ya washindani wengine wote. Hapa ni ninyi kwa ninyi.

Msamaha uliopata sifa kuliko yote ulitolewa Royal Birkdale, Uingereza, mwaka 1969. Mechi ya mwisho, shimo la mwisho, timu zikiwa sawa kabisa. Jack Nicklaus wa Marekani aliingiza mpira wake, kisha akaokota alama ya mpira wa mpinzani wake, Tony Jacklin, aliyebakiwa na mkwaju mfupi, ambao angeweza kuukosa kwa presha ile. Matokeo yakawa 16 kwa 16, wakati huo pointi zikiwa 32. Husimuliwa kama uungwana mtupu, na uungwana ulikuwepo, ila tukumbuke kwamba kombe lilikuwa la Marekani tayari na sare iliwatosha kubaki nalo. Hata hivyo nahodha wake, Sam Snead, hakufurahi.

Ukarimu huo una meno pia. Ujerumani, mwaka 2015, kwenye Solheim Cup, ambayo ni mashindano kama haya kwa wanawake, Mmarekani Alison Lee alikosa mkwaju kwenye shimo la 17 na kuokota mpira uliobaki nusu mita hivi, akidhani amesamehewa. Suzann Pettersen wa Ulaya akasema hakuna aliyemsamehe. Kisheria alikuwa sahihi, na Lee akapoteza shimo huku machozi yakimtoka. Ulaya ikaongoza 10 kwa 6, kisha Wamarekani waliochemka wakageuza kibao mchana na kushinda 14.5 kwa 13.5. Pettersen aliomba radhi kesho yake.

Septemba 2025, pale Bethpage, New York, ubishi ulihamia kwenye bahasha. Kabla ya mechi za Jumapili kila nahodha huficha ndani yake jina la mtu atakayepumzishwa iwapo mchezaji wa upande wa pili ataumia. Viktor Hovland wa Ulaya akaumia shingo, bahasha ya Marekani ikafunguliwa, mkatoka jina la Harris English. Nusu kwa nusu, bila mpira kupigwa. Nahodha wa Marekani, Keegan Bradley, alisema kanuni hiyo lazima ibadilishwe.

Namwelewa, ingawa hesabu haimsaidii. Ulaya ilishinda 15 kwa 13. Wape Wamarekani pointi nzima ya mechi ile na inakuwa 14.5 kwa 13.5, kombe linavuka bahari vilevile. Tofauti ingekuwa kwa Shane Lowry, ambaye mkwaju wake kwenye shimo la 18 uliipa Ulaya pointi ya 14 na kulibakiza kombe. Bila nusu ya bahasha mkwaju ule usingemaliza kazi, na Waulaya wangesubiri mechi zilizokuwa bado nyuma yake uwanjani.