Haki ya njia: Taka za wapanda baiskeli na somo tulilopewa milimani Upare

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad. Ndugu msomaji, leo tunapenda kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kwa ukurasa wa Ijumaa, nalo ni taka zinazoachwa njiani na watu waliotoka nyumbani kwao kwa furaha na afya kupanda baiskeli milimani.

Wiki chache zilizopita tulialikwa katika shughuli ya nikaha katika kijiji kimoja cha mlimani, wilayani Same. Tuliondoka mjini baada ya sala ya Alfajiri. Tulipoanza kuupanda mlima gari letu lilisimama pembeni kuwapisha waendesha baiskeli, makumi kwa makumi, vijana wetu wakiwa wamechanganyika na wageni, kila mmoja na namba yake kifuani. Walitusalimu kwa bashasha nasi tukawaombea salama. Tulifurahi kuwaona, kwa kuwa mwili wenye afya ni neema na ni amana, na kuutunza ni katika kuishukuru neema hiyo.

Siku ya pili yake, tukiwa tunarejea, tulikuta kona ambayo walikuwa wamewekewa maji ya kunywa. Zilikuwepo chupa za plastiki, vikombe vya karatasi, maganda ya biskuti, na vile vifuko vidogo vinavyong'aa ambavyo waendeshaji hubeba jeli ya sukari ya kuwaongezea nguvu. Mbuzi mmoja alikuwa anakitafuna kimojawapo. Hatua chache chini ya kona hiyo, mzee mmoja alikuwa ameinama juu ya mfereji, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, anatoa uchafu uliokuwa umeziba njia ya maji.

Tulishuka tukamwamkia. "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, shekhe. Karibuni, lakini leo mtanikuta na matope." Tukamwambia kwa masikitiko kwamba hawa watu wa baiskeli wamewakosea sana wenyeji. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akatuonyesha rundo alilokuwa amelitoa. "Za baiskeli ni hizi nne, shekhe," alisema. "Hizi nyingine ni za harusi yenu ya jana. Na zile zilizooza matope ni za Maulidi yaliyopita. Msidhani nawasema ninyi peke yenu. Na sisi kwenye makambi yetu ni hivyo hivyo."

Tulizitazama zile chupa. Zilikuwa na nembo ile ile ya maji tuliyokunywa sisi wenyewe katika walima. Hatukuwa na la kujibu. Tulikunja mikono ya kanzu tukamsaidia mpaka maji yakapita.

Kwa nini kifuko kimoja ni jambo kubwa

Asiyeijua Upare anaweza kuuliza, vifuko vinne vina uzito gani? Jawabu limo katika maji. Milima ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, na katika wilaya ya Same kilele chake ni Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, ndani ya msitu wa Chome. Huko juu kuna ukungu na chemchemi. Huku chini tambarare ni kame, na mkulima wa huku anaishi kwa maji yanayoshuka kutoka kule.

Kwa ajili hiyo wazee wa Kipare walibuni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kijiji. Maji ya kijito huelekezwa humo kwa mfereji usiku kucha, na asubuhi tundu lake huzibuliwa, yakatiririka kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala kwenye bonde la Makanya, ni miongoni mwa zile ambazo watafiti wa maji wameziandika sana. Ndiva na mifereji yake husafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ambayo asiyefika bila udhuru hutozwa faini.

Basi zingatia, ndugu msomaji. Chupa moja ikikaa kwenye mdomo wa mfereji hukusanya majani, majani hukusanya matope, na maji hupungua au hupasua ukingo. Anayeumia si yule aliyeitupa, wala si yule mwenye shamba la juu. Anayeumia ni yule wa mwisho kabisa kwenye mfereji, mara nyingi mjane au kijana mwenye kishamba kidogo. Zamu yake ikipita bila maji, mahindi yake hayamsubiri hadi zamu nyingine.

Tofauti nyingine ni muhimu. Chupa tupu ya maji ina mwenyewe. Watoto wa milimani huikimbilia kwa kutilia maziwa, asali au mafuta, na mijini kuna watu wanaoziokota na kuziuza kwa kilo. Lakini kile kifuko cha jeli, ambacho ni karatasi ya alumini iliyogandamana na plastiki, hakina mnunuzi, hakiozi na hakirejelezwi kwa urahisi. Hukatika vipande vidogo zaidi na zaidi vikabaki udongoni, au vikaingia tumboni mwa mbuzi na ng'ombe.

Sheria yetu inasemaje

Mtume wetu (S.A.W.) ameifundisha umma huu kuwa imani ina matawi mengi, na kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni mojawapo, ingawa ni la chini kabisa. Baadhi yetu huchukua neno hilo "la chini kabisa" kama ruhusa ya kulidharau. Maana yake ni kinyume chake: lililo chini kabisa ndilo ambalo hakuna mwenye udhuru wa kulikosa. Kama kuondoa udhia ulioletwa na mwingine ni katika imani, kuuleta udhia wenyewe kutaitwaje?

Amefundisha pia kwamba njia ina haki zake, na miongoni mwa haki hizo ni kujizuia kuwaudhi watu. Akaonya vikali dhidi ya kuchafua mahali watu wanapopita, wanapopumzika kivulini na wanapochota maji. Tazama kona ile ya mlimani: ilikuwa njia, ilikuwa na kivuli, na chini yake palikuwa na maji. Yote matatu yalikutana mahali pamoja.

Mafakihi nao waliweka hukumu ya harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka kisima ambalo haijuzu kwa mtu kufanya ndani yake jambo litakaloyadhuru maji hayo. Na katika miji ya Kiislamu alikuwepo muhtasib, ambaye kazi zake zilielezwa na Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058. Miongoni mwa kazi hizo ilikuwa kuwazuia watu kuzibana njia za umma na kuwadhuru wapitao. Wapare, kwa ndiva na msaragambo wao, wamefikia maana hiyo hiyo kwa akili na uzoefu wa mahali pao.

Dunia ya baiskeli imeliona tatizo

Tusidhani kuwa jambo hili ni la Same pekee. Kwa miaka mingi waendeshaji mashuhuri wa Ulaya walitupa chupa na vifuko popote, na wanaowaiga wakafanya vivyo hivyo. Mnamo Aprili 2021, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, lilianza kutekeleza kanuni ya kuwaadhibu wanaotupa taka nje ya maeneo yaliyotengwa. Tarehe 4 ya mwezi huo, katika mashindano ya Flanders nchini Ubelgiji, mwendeshaji kutoka Uswisi, Michael Schär, aliondolewa mashindanoni kwa kuwarushia mashabiki chupa yake.

Alieleza baadaye kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mtoto, alipata chupa kwa njia hiyo katika Tour de France, na chupa ile ndiyo iliyompenda mchezo moyoni. Wengi walimwonea huruma, na mwezi huo huo adhabu zikalegezwa zikawa za hatua kwa hatua. Nasi tunaiona hoja yake. Chupa inayompa mtoto furaha mkononi ni hadiya. Lakini kifuko kinachorushwa kichakani hakimfurahishi mtu yeyote, na mrushaji analijua hilo.

Karibu nasi zaidi, Septemba 2025, jiji la Kigali lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na wananchi wake hufanya kazi ya pamoja ya umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kenya, ambayo hifadhi yake ya Tsavo Magharibi imepakana na Mkomazi yetu, ilizuia kuanzia Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja kuingizwa katika hifadhi na misitu yake.

Nasi Tanzania Bara tuliiaga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 1, 2019, na mabadiliko yakaonekana kwa macho. Lakini katazo lile lilihusu mifuko. Chupa na vifungashio vilibaki, na ndivyo vilivyojaa katika mfereji wa yule mzee.

Nini kifanyike

Wapo watakaosema: wageni hawa wanaleta riziki, msiwakimbize. Ni kweli, na hatutaki wakimbizwe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji aokote.

Kwanza, waandaaji wa misafara na mashindano waweke maji katika madumu makubwa, na kila mwendeshaji ajaze chupa yake mwenyewe iliyofungwa kwenye baiskeli. Hapo chupa za kutupa zitapungua tangu mwanzo.

Pili, watenge sehemu za kutupia taka kabla na baada ya kila kituo cha maji, na gari la mwisho katika msafara liwe la kukusanya. Anayetupa nje ya sehemu hizo aondolewe katika matokeo, maana namba anayo kifuani.

Tatu, kila mwendeshaji awe na mfuko mmoja wa nguo yake ulio wa taka. Kifuko kilichokuwa kizito kwa jeli akakibeba hadi mlimani hakiwezi kumshinda kikiwa kitupu. Baadhi ya watengenezaji wamekwisha kubuni vifuko ambavyo kile kipande kinachokatwa hubaki kimeshikana na kifuko, na hivyo ndivyo vya kununuliwa.

Nne, serikali za vijiji zisisubiri wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitambua kamati za mazingira za vijiji. Kamati ikae na waandaaji kabla ya siku yenyewe, iwekewe amana ya fedha, na amana hiyo irudishwe baada ya njia kukaguliwa na watumiaji wa mfereji. Njia ikikutwa chafu, fedha ziwalipe wale watakaoisafisha.

Tano, na hili ni letu sisi tunaosoma ukurasa huu. Waendesha baiskeli hupita mara moja na wakaenda zao. Sisi tuna maulidi, walima, hitima na futari mwaka mzima. Ni mara ngapi tumeondoka uwanja wa sala ya Idi tukiwa tumevaa vizuri na kunukia manukato, nyuma yetu uwanja ukabaki kama soko lililovunjika? Na ni mara ngapi tumewaachia watoto wa madrasa kazi ya kuokota, kana kwamba usafi ni adhabu ya wadogo? Kamati ya shughuli yenye mtu wa pilau na mtu wa vipaza sauti iwe pia na mtu wa taka, naye awe mtu mzima anayeheshimika. Maji yawekwe katika mitungi na vikombe vya kuoshwa, kama walivyofanya mama zetu kabla ya chupa hizi kuja. Na shughuli isihesabiwe kuwa imekwisha kwa dua ya mwisho, bali kwa uwanja kurudi ulivyokuwa.

Ndugu msomaji, katika tambarare za Same utamkuta kila siku kijana anayesukuma baiskeli yenye madumu ya maji, akipanda nayo kilima katika jua kali. Yeye hana namba kifuani wala hapigiwi makofi. Hadondoshi kitu, kwa sababu kila alichobeba anajua thamani yake. Tungepata adabu ya kijana huyo, sisi wenye sherehe na wale wenye mashindano, mzee wetu asingehitaji kuinama mferejini asubuhi ya Jumapili.

Tulipoagana naye alituambia neno moja tu: "Shekhe, mkalisema na huko kwenu." Tumelisema. Tulianza kulisema msikitini, na leo tunalisema hapa, na sisi wenyewe tukiwa wa kwanza kuambiwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoondoa udhia njiani na si wanaouweka, na aibariki mvua ya milima hii na maji yake. Wabillahi tawfiq.