Karatu na nondo zake

Hakuna anayekwenda Karatu kutazama majengo. Magari ya watalii hupita mbio kuwahi geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na sisi abiria wa kawaida hushuka stendi, tukala chipsi mayai, tukatafuta gari la kutupeleka mbele. Lakini ukipata nafasi ya kupanda juu ya moja ya zile nyumba za wageni za kando ya barabara kuu, geukia upande wa Ngorongoro. Kabla macho hayajafika msituni yatakwama kwenye nondo. Zimechomoza juu ya mapaa kila upande, nne nne, sita sita, nyingine zimenyooka, nyingine zimelazwa na upepo au na mtoto aliyezifanya bembea. Kutu yake imeshika rangi ileile ya vumbi la mji. Nyingi zimevishwa kichwani chupa tupu za maji ya kunywa, zile wanazonunua watalii, zimegeuzwa mdomo chini.

Ukiteremka bonde la ufa hadi Mto wa Mbu, kilomita zisizofika 30, nondo za namna hiyo ni za kutafuta. Kule juu ya paa kuna bati, na juu ya bati kuna majani ya migomba. Miji hii miwili inanyonya barabara moja, zile kilomita 77 kutoka Makuyuni hadi getini zilizowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Tangu hapo imekuwa ikigombea mgeni mmoja: alale chini kwenye joto, ziwa na ndizi nyekundu, au alale juu kwenye baridi, kahawa na mablanketi mawili. Utani ni wa kila siku. Wa juu husema wa chini wamezaliwa na mbu. Wa chini hujibu kwamba Karatu mtu anaoga mara mbili kwa mwezi. Nilichotaka kujua mimi ni kwa nini mmoja unapanda na mwingine umetandaa.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja, Mwiraqw wa makamo, anayesuka nondo tangu ujana wake. Aliomba nisiandike jina lake kwa sababu wateja wake watajijua. Nilimkuta juu ya jamvi la zege la nyumba isiyo na kuta bado, amekaa kwenye ndoo, anakata binding waya kwa koleo bila kuitazama.

“Watu wa Dar wakiziona wanasema huyu kaishiwa,” aliniambia. “Hakuishiwa. Huyu anasubiri msimu.”

Mteja wake ni dereva wa watalii, mpishi wa kambi, mwenye duka la vipuri, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Pesa ya watu hawa haina mwisho wa mwezi. Inakuja Juni hadi Oktoba, inarudi Desemba hadi Februari, kisha masika yanaingia na hoteli zinafunga vyumba. Mkopo wa kujengea nyumba ni habari wanayoisikia redioni. Kwa hiyo mtu anajenga alipofika, anapaua, anapangisha maduka ya chini, na juu anaacha nguzo zimechungulia.

Wapo wanaosema ni ujanja wa kukwepa kodi, kwamba jengo lisilokwisha halitozwi. Fundi alicheka hadi akaweka koleo chini. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na mwenye ghorofa hukatwa zaidi ya mwenye nyumba ya kawaida. “LUKU haijui kama nimeacha nondo,” alisema. “Inajua umenunua umeme.”

Kisha akanionyesha jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya. Alisimama, akaanza kuusoma mji kwa kutu. Zile pale nyuma ya msikiti, nyeusi, zenye magamba, ni za kabla ya korona. Mwenyewe alimwaga jamvi mwishoni mwa 2019, mwaka ambao watalii zaidi ya milioni moja na nusu waliingia nchini. Mwaka uliofuata wakashuka hadi kama laki sita na ishirini, na nguzo zikabaki hivyo. Zile nyekundu zinazong'aa kidogo ni za 2022 au 2023, pesa iliporudi. Zenye rangi ya kijivu zimepakwa uji wa saruji. Hizo ni za mtu anayejua kwamba atachelewa. Na zile mbili zilizokatwa kwa msumeno usawa wa jamvi?

“Huyo ameuza,” alisema fundi. “Au watoto wamegawana.”

Nilimwuliza kama nondo iliyokaa miaka mitano nje bado inafaa. Hakujibu kwa mdomo kwanza. Alichukua brashi ya waya, akasugua moja iliyokuwa karibu, akaipitisha kwenye vidole. Kutu ya juu juu haina ubaya, alieleza, saruji huishika vizuri zaidi. Ubaya ni ile inayobanduka magamba, kwa sababu kila gamba ni chuma kilichoondoka. Na mahali pa kuogopa si kichwani kunakovishwa chupa. Chupa ni kwa ajili ya macho ya watu na miguu ya mafundi. Pa kuogopa ni shingoni, pale nondo inapotoka kwenye zege, maana hapo ndipo maji ya mvua hutuama. Fundi mzembe huacha kichwa cha nguzo kikiwa kama kibakuli. Yeye hukipa mteremko kidogo pande zote kwa mwiko kabla zege halijakaza. Nilipiga magoti nikaona: kila nguzo yake ilikuwa na kilima kidogo cha saruji, laini, kimezunguka nondo zote sita. Kazi ya dakika mbili ambayo hakuna mpita njia atakayeiona maisha yake yote.

Urefu nao una sababu. Nondo ya milimita 16 inapoungwa na ya ghorofa inayofuata, lazima zilaliane kati ya mara arobaini na hamsini ya unene wake, yaani sentimita 64 hadi 80. Yeye huacha mita nzima na ushee, kwa sababu vichwa vitaoza na kukatwa. Tena haziachi zikiishia kimo kimoja. Huzipishanisha, ili maungio yote yasikutane mahali pamoja. Ringi zinazofunga nondo anazikaza karibu karibu miguuni na kichwani mwa nguzo, sentimita kumi hadi kumi na tano, tabia aliyoishika mwaka 2007, ardhi ilipotikisika na Ol Doinyo Lengai ukalipuka.

Kinachomkera ni nondo zenyewe zinavyofika. Nyingi zinatoka Arusha zikiwa na mita 12, na ili ziingie kwenye lori hukunjwa katikati. Akizinyoosha, pale kwenye kona chuma kimeshachoka. Sehemu hiyo huikata akatengenezea vipande vya kazi ndogo ndogo. Wateja humnung'unikia kwamba anapoteza nondo.

“Mtu anaona nondo juu,” alisema, “haoni pesa niliyomzikia chini.” Nguzo ya ghorofa tatu inataka bezi ya ghorofa tatu tangu siku ya kwanza: shimo pana, chuma kingi, kokoto. Mwenye nyumba ya chini anayeota ya juu ameshalipia sehemu ya ndoto hiyo kabla hajanunua mlango.

Hapo ndipo Mto wa Mbu unapoingia. Fundi amejenga kule pia. “Kule chini ukichimba bezi asubuhi, jioni una kisima.” Maji yanayotokeza chini ya ukingo wa bonde, yaleyale yanayoustawisha msitu wa Manyara, yako karibu mno na uso wa ardhi. Wapo waliopandisha ghorofa kule, lakini humwaga jamvi zito chini ya nyumba nzima, na bei hiyo inatosha kumpa mtu vyumba sita vya uani. Basi watu wanajenga vyumba sita vya uani. Karatu udongo ni mwekundu, umeshikana, na viwanja vya barabarani ni vyembamba na ghali. Anayetaka nafasi anaitafuta juu.

Usafiri unafuata ardhi hiyohiyo. Mto wa Mbu ni tambarare, kwa hiyo ni mji wa baiskeli na bajaji. Mkungu wa ndizi unapita mbele yako juu ya keria kana kwamba unajiendesha. Karatu ina mabonde, na pikipiki ndiyo mfalme, kutoka Bwawani hadi Gyekrum na hata shambani Rhotia. Baina ya miji hii kuna Noah na Haisi zinazopanda ukingo kwa gia nzito. Kwa maoni yangu Mto wa Mbu umeshinda hapa: kutembea ndani ya mji wao ni raha kuliko kupanda na kushuka vumbi la Karatu. Wenyeji wa juu watanisamehe.

Jambo moja fundi alilitaja kwa kupita tu, nami likanikaa. Babu zake, kule kwenye milima ya Mbulu, walichimba nyumba ndani ya mteremko, paa la udongo likalingana na ardhi, ili wavamizi wa ng'ombe wapite juu bila kujua kuna watu. Nyumba nzuri ilikuwa ile isiyoonekana. Nilimwuliza babu angesema nini kuhusu mji huu. “Angeuliza ng'ombe mmewaficha wapi.”

Ng'ambo ya geti la Lodoare swali ni jingine kabisa. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959 ikiwa na watu wapatao 8,000 ambao sasa serikali inasema wamepita laki moja, mkazi hajengi nyumba ya kudumu apendavyo. Habari zake tunazijua: kuhamia Msomera, Handeni, tangu 2022, kwenye nyumba za vyumba vitatu zinazofanana, maelfu kujitokeza barabarani Agosti 2024, tume mbili alizotangaza Rais Samia kuhusu suala hilo Desemba mwaka huohuo. Jengo refu kuliko yote lenye jina la Ngorongoro liko Arusha mjini, mali ya mamlaka ya hifadhi. Fundi hakutaka siasa. Alisema tu kwamba ana wateja kutoka Endulen, ndani ya hifadhi, wenye viwanja pembezoni mwa Karatu, na kwamba hao ndio wanaoacha nondo ndefu kuliko wote. Mmoja alitaka nguzo za ghorofa tatu. “Nikamwuliza, baba, ng'ombe je? Akasema ng'ombe wabaki kule, hii ni ya watoto.” Kama baba huyo anajenga kwa sababu ameamua kuondoka au kwa sababu anataka kubaki huku akiwa na pa kukimbilia, fundi hakumwuliza, na mimi sikumpata.

Kuhusu usalama wa ghorofa hizi nilimtajia jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, lililoanguka Novemba 2024. Akanyamaza kidogo. Mhandisi wa halmashauri huja msingi unapochimbwa, alisema, akija. Baada ya hapo nguzo inaweza kukaa miaka kumi, na atakayeiendeleza ni fundi mwingine, kwa ramani ambayo mara nyingi imeshapotea. Bezi iliyochimbwa kwa ghorofa moja na iliyochimbwa kwa tatu, ukiwa juu ya paa, zina nondo zilezile. Siku hizi, zege likiwa bichi, yeye huchora kwa msumari pembeni mwa nguzo idadi ya ghorofa alizozikusudia. Ameanza juzi juzi tu. Majengo yake ya zamani yako kichwani mwake, na wengine hawachori chochote.

Wiki niliyomkuta alikuwa na kesi ya namna hiyo mkononi. Nyumba ya chini imeuzwa, nondo nane ziko juu kwa kila nguzo, na mwenye mali mpya anataka kwenda tatu kwa sababu nondo zinasema hivyo. Fundi wa kwanza amehamia Babati na simu yake haipatikani. Fundi wangu anataka kuchimba kando ya nguzo ya katikati aione bezi kwa macho yake. Nguzo hiyo iko sebuleni, na sebule imeshawekwa marumaru mpya. Mwenye nyumba amekataa marumaru kuvunjwa, na ameshaanza kuulizia bei kwa fundi mwingine.